Mshahara mmoja, misimamo miwili: ujuzi wa kazi unavyoamua nani anataka kugawana

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni opereta wa tanuri katika kiwanda cha saruji hapa Tanga, naingia mwaka wa 15. Mdogo wangu wa tumbo moja ni mhasibu wa kampuni ya usafirishaji. Tukilinganisha mishahara tumepishana elfu kadhaa tu. Lakini kila tukikaa barazani na kahawa ubishi hauishi. Mimi nasema serikali iwatoze zaidi wenye nacho na iwalinde wanaopoteza kazi. Yeye anasema kodi zimetosha, kila mtu apambane na hali yake. Tumelelewa nyumba moja, kipato ni kile kile, tofauti inatoka wapi? Au ni chuo ndicho kilichomharibu?" — Fundi, Tanga

Marahaba, ndugu yangu. Chuo hakijamharibu mtu, na wala wewe si mkarimu kumzidi. Mnapiga hesabu ya aina moja, isipokuwa kila mmoja anaanza na namba zake. Mshahara wa mwezi huu ni namba moja tu kati ya hizo. Nyingine, ambayo haichapwi kwenye hati ya mshahara, ni hii: kazi ikikatika kesho asubuhi, ujuzi ulio nao utaupeleka kwa nani, na huyo atakulipa ngapi?

Kwa muda mrefu wachumi waliitazama namba ya kwanza peke yake. Mwaka 1981 Allan Meltzer na Scott Richard walitoa hesabu ambayo hadi leo wanafunzi wanaikariri. Mpiga kura wa katikati, yaani yule ambaye nusu ya wenzake wanamzidi kipato na nusu amewazidi yeye, hupata chini ya wastani wa nchi, kwa kuwa matajiri wachache huuvuta wastani juu. Kwa hiyo atapenda kodi ipande na fedha zigawanywe, na pengo likipanuka atapenda zaidi. Hesabu ni safi kabisa. Tatizo ni kwamba dunia haikuifuata. Marekani, ambako pengo la kipato ni kubwa, serikali hugawa kidogo. Sweden, ambako pengo ni dogo, hugawa sana. Na kwa hesabu hiyo hiyo wewe na mdogo wako mngekuwa upande mmoja wa baraza.

Mwaka 2001 Torben Iversen na David Soskice waliingiza namba ya pili. Waliandika katika jarida la American Political Science Review kwamba ujuzi wa mfanyakazi ni mali, kama shamba au nyumba, na mwenye mali huangalia mambo mawili: inamletea kiasi gani sasa, na iko kwenye hatari gani. Mgawanyo waliotumia ulikuwapo tangu Gary Becker alipoandika mwaka 1964 juu ya ujuzi wa jumla, unaouzika kwa mwajiri yeyote, na ujuzi mahususi, ambao thamani yake imefungwa kwenye kampuni moja au sekta moja. Jipya lao lilikuwa siasa. Mwenye ujuzi mahususi akipoteza kazi hapotezi mshahara wa miezi michache ya kutafuta tu. Anaweza kuajiriwa tena akiwa si fundi, akaanza chini kabisa na watoto waliomaliza shule juzi. Hasara hiyo hakuna kampuni ya bima inayoikatia bima. Inayobaki ni serikali, au chama cha wafanyakazi, au ndugu.

Tuiweke kazi yako mezani. Ndani ya lile tanuri unga wa chokaa na udongo unafikishwa kwenye joto la nyuzi kama 1,450 hadi utoke klinka, vile vijiwe vinavyosagwa kuwa saruji. Wewe unakaa mbele ya skrini na unajua, kabla kengele haijalia, kwamba ganda limeanza kujijenga ndani na njia inaziba. Unausoma umeme unaovutwa na mota ya kuzungusha tanuri: ukishuka taratibu, moto haujapika vizuri, ukipanda ghafla, kuna kitu kimebadilika mle ndani. Ujuzi huo haupatikani kwa kozi ya miezi mitatu. Umechukua miaka ya kuharibu na kutengeneza, usiku kwa mchana, na kampuni inakulipa vizuri kwa sababu tanuri likizimwa bila mpango hasara yake ni kubwa. Sasa niambie: nje ya viwanda vya saruji, ambavyo kwa nchi nzima ukivihesabu utatumia vidole vya mikono na vya miguu, nani mwingine anaununua? Hoteli haihitaji mtu wa tanuri. Benki haimhitaji. Viwanda vya Wazo na Mtwara wanao wa kwao tayari.

Mdogo wako anafunga urari, anaandaa ritani za VAT, anapatanisha taarifa ya benki na daftari. Leo ni malori, kesho ikiwa ni hospitali, SACCOS, shule ya kulipia au shirika la misaada, debiti ni debiti na krediti ni krediti. Kama amefaulu mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, karatasi yake inasomeka Tanga, Dodoma na Mwanza bila mkalimani. Ndiyo maana akisikia "fao la kukosa ajira" anasikia makato. Wewe ukilisikia unasikia paa.

Tena tuhesabu hilo paa lina ukubwa gani, maana hapa ndipo wengi hubishana bila kuangalia sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayeachishwa na mwajiri, ukiacha mambo kama utovu wa nidhamu, malipo ya kiinua mgongo ya mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, mwisho miaka 10. Wewe wa miaka 15 unapata siku 70, sawasawa na aliyefanya 10. Kisha tangu mabadiliko ya mwaka 2018 kuna fao la kukosa ajira: aliyechangia angalau miezi 18, na ambaye hakuacha kazi mwenyewe, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi 6. Theluthi moja mara sita ni miezi miwili. Jumlisha vyote viwili: mshahara wa miezi minne na siku chache. Kwa mhasibu, miezi minne ni muda wa kutosha kuzungusha barua za maombi na kuitwa kwenye usaili. Kwa opereta wa tanuri, baada ya miezi hiyo minne bado tanuri jingine halijajengwa. Kiasi ni kile kile, lakini kwako kinafunika robo ya tundu na kwake kinalifunika lote na kubaki. Mnapobishana juu ya kodi, chini ya ubishi huo kuna jambo hili.

Wewe uko Tanga, kwa hiyo huhitaji mfano wa Ulaya kuona ujuzi unavyokufa pamoja na sekta. Miaka ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na sehemu kubwa ilitoka mkoa wako. Kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba yakataifishwa na mengine yakaachwa yakageuka msitu, na kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000. Wazee waliojua kuiendesha korona, mashine ya kukwangua majani ya mkonge, kwa sikio, wakasikia kisu kimeanza kula singa badala ya nyama ya jani, hawakuwa wavivu wala wajinga. Walikuwa mafundi. Lakini ufundi huo hakuna aliyeuhitaji mjini, na wengi wakarudi kwenye jembe. Sijui kama ulilelewa ukiyasikia haya nyumbani, ila mtu aliyekulia Muheza, Korogwe au Tanga mjini, akishika kazi ya mtambo mmoja mkubwa, ana sababu ya kulala jicho moja likiwa wazi.

Utaniuliza: hao watafiti walipimaje kitu kama "umahususi" wa ujuzi? Hapa kuna kichekesho kidogo ambacho sipendi kukificha. Walichukua orodha ya kazi zote duniani iliyotayarishwa na Shirika la Kazi Duniani, ILO, toleo la mwaka 1988. Orodha ile inagawa kazi katika makundi makuu 10, na ndani yake makundi madogo 390. Makarani wana makundi madogo 23. Waendesha mitambo na mashine wana 70. Mafundi wa mikono wana 70 vilevile. Iversen na Soskice wakasema: kama kundi kuu limekatwa vipande vingi ukilinganisha na sehemu ya wafanyakazi waliomo, maana yake kazi za humo zimetofautiana sana na kuhama moja kwenda nyingine ni kugumu. Wakarekebisha kwa kiwango cha elimu, kisha wakaoanisha na majibu ya watu katika tafiti za maoni za nchi tajiri za kidemokrasia za mwaka 1996 na 1997. Matokeo: watu wawili wa kipato kimoja, yule mwenye ujuzi uliofungwa zaidi ndiye aliyetaka serikali itumie zaidi kwenye ajira, pensheni, afya na walio bila kazi.

Wakosoaji waliuliza, na kwa haki, kama idadi ya visanduku kwenye orodha inaeleza kazi au inaeleza waliotengeneza orodha. ILO ilikuwa na historia ndefu na viwanda, ikavikata vipande vidogo vidogo. Kazi za ofisini ikazibeba kwa jumla. Binafsi naona kipimo ni kibovu kidogo lakini wazo ni zima. Na wazo halikubaki kutegemea kipimo hicho. Philipp Rehm, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2009, aliacha kuhesabu visanduku akaangalia jambo la wazi zaidi: katika kila kazi, ni asilimia ngapi ya watu wake hawana ajira. Akakuta Wazungu wa kazi zenye ukosefu mkubwa wa ajira wanaunga mkono zaidi serikali kupunguza tofauti za kipato, hata ukishawalinganisha kwa mshahara. Wewe na wao mnaongea lugha moja.

Lakini ngoja. Swali lako limebeba vitu viwili kwenye gunia moja, na hapa ndipo ningependa tukae. Umesema serikali "iwatoze zaidi wenye nacho" na "iwalinde wanaopoteza kazi". La kwanza ni kugawana: kutoka kwa aliyenacho leo kwenda kwa asiyenacho leo. La pili ni bima: kutoka kwako wa leo kwenda kwako wa siku mbaya. Mfuko mmoja unaweza kufanya yote mawili, ndiyo maana watu huyachanganya, hata maprofesa. Ujuzi uliofungwa unaeleza vizuri sana kwa nini mtu anataka bima. Kwamba utamfanya pia awaonee huruma walio chini kabisa, hapo ushahidi unalegea.

Ujerumani imelionyesha hili waziwazi. Kule kijana akimaliza shule anaweza kuingia uanagenzi, mara nyingi wa miaka mitatu au mitatu na nusu, katika moja ya fani zaidi ya 300 zinazotambuliwa rasmi. Anakuwa fundi wa kitu kimoja hasa. Mzazi mwenye akili angemzuia mwanaye asijifunge hivyo, kama si kwamba nchi ilimwahidi kinga: chama cha wafanyakazi chenye nguvu, ugumu wa kufukuzwa hovyo, na fao la asilimia 60 ya mshahara wa mkononi akikosa kazi, au 67 akiwa na mtoto. Kinga ile ndiyo iliyofanya ujuzi mwembamba uwe uamuzi wa busara. Hata mwaka 2009, mtikisiko wa uchumi ulipovipiga viwanda, serikali iliwalipa wafanyakazi zaidi ya milioni 1 sehemu ya mshahara waliopungukiwa ili wabaki kazini kwa saa chache badala ya kufukuzwa. Marekani, ambako fao la kukosa kazi katika majimbo mengi limekuwa la wiki 26 na hufidia takribani nusu ya mshahara, vijana hukimbilia elimu ya jumla wanayoweza kuibeba popote. Ni mdogo wako, mara mamilioni.

Sasa tazama kilichotokea Januari 2005. Serikali ya Gerhard Schröder ilianzisha mpango uliokuja kujulikana kama Hartz IV. Kabla yake, fundi aliyekaa bila kazi muda mrefu aliendelea kupata msaada uliopimwa kwa mshahara wake wa zamani. Baada yake, muda wa fao la bima ukiisha alishuka hadi kiwango kimoja cha chini, kile kile anachopewa mtu ambaye hakuwahi kuajiriwa, na akatakiwa kukubali karibu kazi yoyote itakayoletwa. Maandamano yalikuwa yameanza tangu kiangazi cha 2004, Magdeburg, mashariki, kisha yakasambaa kila Jumatatu. Chama cha Schröder kikapasuka upande wa kushoto, na mwaka 2007 kikazaliwa chama cha Die Linke.

Watu wengi husimulia habari hiyo kama wafanyakazi kuwatetea maskini. Sivyo hasa. Baadhi ya waliokuwa kwenye msaada wa chini kabisa walipata nafuu kidogo kwa mpango mpya. Waliochomwa zaidi ni mafundi na wafanyakazi wa miaka mingi, na malalamiko yao makubwa yalikuwa: mimi niliyechangia miongo mitatu nawekwaje fungu moja na asiyechangia? Kwa maneno mengine, walikuwa wanadai bima irudishiwe uzito wake. Tofauti kati ya aliyekuwa na mshahara mkubwa na aliyekuwa na mdogo hawakuwa na haja ya kuifuta. Waliipigania ibaki hadi kwenye fao.

Kwa hiyo nakurudishia mtihani. Ungekubali makato yako yapande kidogo ili fao la kukosa ajira liende miezi 12 badala ya 6? Nadhani utasema ndiyo kabla sijamaliza sentensi. Ungekubali yapande kiasi hicho hicho ili yaende kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ambao wewe huenda usiuone hata ukifukuzwa, maana unalenga kaya zilizo chini kabisa? Ukisita hapo, umeshajua ni ipi kati ya zile mbili unayoipigania. Na ukisema ndiyo kwa yote mawili, basi una kitu zaidi ya hesabu: dini, malezi, chama, au moyo tu. Nadharia ya ujuzi haidai kueleza kila kitu.

Kuna pingamizi moja zito ambalo ndugu wawili mnalisaidia kulijibu. Pengine si kazi inayoleta msimamo. Pengine mtu mwenye msimamo fulani ndiye anayechagua kazi fulani. Mpenda hatari akaenda biashara, mwoga akaenda serikalini. Yotam Margalit alijaribu kulipima hili kwa kuwafuatilia Wamarekani wale wale kabla, wakati na baada ya mtikisiko wa 2008. Waliopoteza kazi wakawa wanaunga mkono zaidi misaada ya serikali. Walipopata kazi tena, sehemu kubwa ya badiliko hilo ikayeyuka. Nimelipenda tokeo hili kwa sababu halimsifu mtu. Hatari ikikukalia shingoni unabadilika. Ikiondoka, unarudi ulikotoka. Kwenu mlioshiba chungu kimoja na kufundishwa na mama mmoja, malezi tumeshayatoa kwenye hesabu kwa kiasi kikubwa, na bado mmetofautiana.

Nimekuwa nikisema "nchi tajiri" makusudi, maana nadharia hii ikishushwa bandarini kwetu inaanza kuchechemea. Inadhani mfanyakazi akiogopa ataigeukia serikali. Hapa mara nyingi anaigeukia serikali kuidai arudishiwe chake. Kumbuka mwaka 2012: Bunge lilipitisha marekebisho yaliyoondoa fao la kujitoa, kwa hoja kwamba michango ni ya uzeeni na mtu asiichukue kila anapobadili kazi. Kelele zikawa kubwa, na wafanyakazi wa migodini walikuwa mstari wa mbele. Hebu wafikirie: mwendesha mtambo wa kuchoronga miamba, mkataba wa miaka michache, mgodi una mwisho wake unaojulikana. Hakuna mtu mwenye ujuzi uliofungwa kama huyo. Kwa kitabu cha Iversen na Soskice angedai fao la kukosa ajira lililonona. Yeye alidai fedha yake mkononi, yote, leo, anunue bodaboda mbili au afungue duka la vifaa. Serikali ikarudi nyuma, na fao la kujitoa likaendelea hadi sheria ya 2018 ilipoleta hili la kukosa ajira badala yake.

Wengine waliona pale ni upumbavu wa kutojua hifadhi ya jamii. Mimi naona hesabu ile ile, yenye namba moja ya ziada: je, yule ninayempa bima yangu nina hakika atanilipa, na kwa wakati? Imani ikiwa ndogo, mtaji mkononi ni bima bora kuliko ahadi. Na kwa watu wetu bima ya kwanza bado ni ukoo. Mwenye mshahara analipa ada za wapwa, matibabu ya mjomba, michango ya misiba na harusi, na hakuna anayeviita kodi ingawa vinakata kuliko kodi. Kuna wanaoishi hivyo wakasema wameshagawana vya kutosha, na sina ubavu wa kuwaambia wamekosea.

Hapo ndipo namtetea mdogo wako kidogo. "Kuwatoza wenye nacho" kwa Tanzania hakuanzii kwa mwenye majengo Kariakoo. Mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi haukatwi PAYE, ile kodi ya mshahara, na kinachozidi 1,000,000 kinakatwa asilimia 30 papo hapo, kabla mtu hajakigusa. Mwenye mshahara hana pa kujificha. Mwenye biashara ana milango mingi. Mhasibu analijua hili kuliko mtu yeyote barazani, kwa sababu ndiye anayeyajaza makaratasi. Akisikia kodi ipande, anajua nani atakayefikiwa kwanza. Woga huo hauna uhusiano na uzuri au ubaya wa roho yake.

Ila naye asijiamini mno. Stefan Thewissen na David Rueda, mwaka 2019, waliangalia wafanyakazi wa Ulaya kwa kipimo kingine: ni kiasi gani cha kazi yao ni cha kurudiarudia, kiasi kwamba kompyuta inaweza kukichukua. Wenye kazi za namna hiyo walitaka kugawana zaidi, na athari hiyo ilikuwa na nguvu zaidi kwa wenye mishahara mizuri kuliko wenye midogo, kwa kuwa wao ndio wenye cha kupoteza. Kuingiza risiti, kupatanisha benki na kutoa ripoti ya mwezi ni kazi za kurudiarudia hasa. Ujuzi wake unauzika kokote leo. Lakini ukishuka thamani, utashuka kokote kwa siku moja. Wewe hatari yako iko kwenye mlango mmoja wa kiwanda. Yake, ikija, itapiga hodi kila ofisi. Muulize hivi msimu wa kufunga hesabu, wakati ana hasira na programu mpya waliyoletewa, uone kama msimamo wake wa kodi haujalegea.

Kuhusu wewe mwenyewe, yapo mambo mawili ambayo hayangoji siasa ibadilike. Angalia ndani ya ujuzi wako ni kipande gani kinaweza kutoka nje ya geti. Mwenzako anayechomelea vyuma kwenye kiwanda hicho hicho anaweza kufungua karakana mtaani wiki anayofukuzwa. Fundi umeme vivyo hivyo. Ukiwauliza, sitashangaa ukikuta wana msimamo wa karibu na wa mdogo wako kuliko na wako. Wewe una uzoefu wa vidhibiti, vipimo vya joto na mota kubwa, vitu vinavyotumika pia kwenye sukari, chokaa na umeme, lakini bila karatasi hakuna atakayekuamini. VETA wanao utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Waulize wanafanya kwa fani zipi za upande wako. Kisha kwenye mazungumzo ya mkataba wa hali bora kati ya chama chenu na mwajiri, shinikizeni kipandishwe kile kikomo cha miaka 10 kwenye kiinua mgongo. Sheria imeweka kiwango cha chini, haijakataza mkataba kuzidi hapo. Kwa wenzako wa ofisini kipengele hicho ni kidogo. Kwa watu wa tanuri, kila mwaka wa ziada mnaouongeza hapo ni wiki nzima ya mshahara kwa kila aliyeufikisha mwaka huo kazini.